Salamu Nilizozikata

Baba yangu alikuwa mtangazaji wa redio Dar es Salaam, na hajawahi kuniruhusu kulisahau hilo. Mpaka leo, hapa kwangu Lewisham, London, akiomba chai hutamka kila neno kana kwamba nchi nzima inamsikiliza.

Siku za kazi niko ofisini hospitalini. Jumamosi nasaidia kutengeneza kipindi cha redio cha Kiswahili kinachorushwa mtandaoni. Mwezi uliopita tuliamua kuzungumzia jinsi rock and roll ilivyoingia redioni na kwenye televisheni, nikamrekodi Baba jikoni, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Masimulizi yake yalikuwa matamu, sikatai. Alieleza jinsi yeye na dada yake, shangazi yangu aliyenilea, walivyokuwa wakitafuta stesheni za mbali kwenye redio ya jirani, mpaka siku moja gitaa likatokea katikati ya mikwaruzo, shangazi akacheza hadi bibi akamtoa kwa ufagio. Akaeleza alivyopiga santuri ya kwanza ya aina ile kazini, mkubwa wake akaja mbio studio akidhani mitambo imeharibika.

Mimi nikaongezea ya huku Uingereza. Kwamba zamani televisheni ilinyamaza saa nzima jioni ili watoto walazwe, na saa ile ilipofunguliwa, Jumamosi ikajazwa vijana wanaocheza roki. Kwamba vipindi vingi vya mwanzo havipo tena, kwani vilikwenda hewani bila kurekodiwa, au kanda zake zilifutwa. Nililisema hilo kwa masikitiko makubwa, kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwishoni Baba akaanza salamu, kama enzi za kadi za salamu: unaomba wimbo, unataja unaowasalimu, na mtangazaji anawasoma wote, popote walipo. Nikainuka kutoa nguo kwenye mashine, nikaiacha simu ikirekodi. Nilipokaa kuhariri nikakuta ametiririka. Majirani wa zamani, mashemeji, mpaka fundi saa. Nani London ana muda na fundi saa? Nikabakiza majirani, mkia wote nikaukata, nikaweka muziki. Wala sikuusikiliza mpaka mwisho.

Binti wa mtangazaji mzima, nilipaswa kujua kwamba mtu mzito huwekwa mwisho.

Wa mwisho alikuwa shangazi. Mumewe alipofariki, Baba alikuwa amelazwa huku, hakwenda kuzika. Alimpa pole kwa simu. Shangazi akasema msiba hauendewi kwa simu, na tangu hapo hapokei simu zake. Baba akaona imebaki njia moja: kumwomba radhi hadharani, redioni. Alimwagiza mjukuu wa shangazi amwambie bibi yake asikilize kipindi chote. Mimi hakuniambia. Aliamini nitayasikia kwenye rekodi, kwani mhariri gani hasikilizi?

Siku ya kipindi alivaa shati lililopigwa pasi. Muziki wa kufungia ulipoanza akainua kidole, tusubiri. Ukaisha.

"Sehemu ya pili ni lini?"

Nikamwambia hakuna. Punde ukaingia ujumbe wa sauti wa shangazi, kwenye simu yangu, si yake. "Mwanangu, mwambie baba yako nimesikiliza mpaka mwisho. Majirani kawakumbuka."

Nikakimbilia rekodi, nikakisikia kile kipande kwa mara ya kwanza: "Na kwa dada yangu, aliyenifundisha kucheza. Sikuja kumzika shemeji. Nisamehe." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia Baba nampigia shangazi sasa hivi, namtumia na kipande chenyewe.

Akanishika mkono. "Ukimtumia atauliza nani alikikata. Mimi kashaninunia. Wewe bado anakuita mwanangu. Usimwongezee wa pili wa kumnunia."

"Lakini Baba, kosa ni langu."

"Studio ikikosea, anayeomba radhi ni mtangazaji."

Akaichukua simu yangu, akabonyeza, na kwa sauti yake ya kazini akasema: "Dada, nilikusahau. Ni uzee tu." Akatuma.

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, na sikufungua mdomo. Shangazi hajamjibu. Mimi hunitumia ujumbe kila asubuhi, ananiita mwanangu, nami naitika.