Mafolda Yote ya Masanja Yana Tarehe ya Leo

Leo kompyuta mpya imenidhalilisha mbele ya mteja!

Mimi napiga picha za harusi hapa Bariadi. Nusu ya maharusi wangu ni akina Masanja, kwa hiyo mafolda yangu ni Masanja, Masanja mpya, Masanja mwingine. Nayatofautisha kwa tarehe tu.

Asubuhi nikayahamisha kutoka Windows kwenda Mac. Yote yakajiandika tarehe ya leo. YOTE.

Mchana akaja mke wa Masanja mmoja kutoka Lamadi, anataka picha ya marehemu mama yake, ya siku ya harusi.

Nafungua folda: ng'ombe wa mahari. Jingine: ng'ombe. La kumi: ng'ombe.

“Hizi umepiga lini?”

“Kompyuta inasema leo, mama.”

“Kama ni leo, mama yangu yuko wapi nikamsalimie?”