Koti Lililokataa Moto

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kobero, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Tanzania. Mimi nafundisha kemia Gitega. Siku aliyoungua nilipanda gari hadi hospitali ya Muyinga nikiwa sijui kama nitamkuta hai.

Nilimkuta hai. Uso na mikono vilikuwa vimefungwa bandeji, lakini kifua kilikuwa kizima. Yeye na mwenzake walikuwa wakiziba tangi la mafuta la lori, wakidhani limekauka, na mvuke uliobaki ndani ukalipuka. Huyo mwenzake, aliyelishika tangi, alikuwa na jaketi la nailoni. Liliyeyukia mwilini. Hakufika hospitali.

Koti la kaka, alilopewa na dereva mmoja, lilikuwa chini ya kitanda. Mbele lilikuwa jeusi kama mkaa, ila halikutoboka.

"Mdogo wangu, hili si pamba tu?" aliuliza siku ya tatu. "Mbona halikuwaka?"

Nilimweleza nilichodhani. Ipo chumvi ya fosfoniamu inayoyeyuka kwenye maji. Kitambaa cha pamba hulowekwa humo, kisha hupitishiwa hewa ya amonia, na ile chumvi inagandia ndani ya nyuzi isitoke hata kwa kufuliwa. Moto ukija, fosforasi iliyomo huifanya pamba igeuke mkaa badala ya kutoa ndimi. Miaka yote nimeandika fomula yake ubaoni, wanafunzi wakanakili, nikafuta.

Mjane wa mwenzake aliingia tukiwa bado tunaongea. Walikuwa wamezika jana yake.

"Mwalimu, hii koti iko na dawa gani?"

"Ya kuzuia moto, mama."

"Na bwana yangu, kama angekuwa nayo, angepona?"

Kaka aligeukia ukutani. Ningeweza kusema sijui.

"Pengine angepona," nilisema. "Lilikuwa moja tu."

Mama yule alilichukua koti, akalipakata, akalisugua pale palipoungua mpaka viganja vikawa vyeusi.

"Basi. Mi nilitaka kujua tu." Akamuuliza kaka kama amekula.

Kaka alitoka hospitali na vidole vilivyokunjamana. Hachomelei tena, analima na mkewe huko Gashoho. Alipovuna maharage mara ya kwanza aliniomba nimsindikize kwa yule mama. Alitupokea, akapika, tukala wote. Hakuna aliyetaja moto.