Siku Feza Alipotawala Darasa

Sisi tuliokulia Kisangani zama zile za Zaire hatukufundishwa kuchagua, tulifundishwa kupiga makofi. Kila asubuhi, uji haujatulia tumboni, tulikuwa uwanjani tukiimba na kukata viuno kumsifu rais, huku mwalimu ndani ya abacost yake, ile suti isiyo na tai, akiangalia mikono ya nani inalegea. Wajukuu wangu huchoka kwa kubonyeza simu. Wangeletwa pale wangezimia kabla ya ubeti wa pili.

Mwimbishaji wetu alikuwa Feza, binti wa jirani yetu mtaani Simi-Simi, familia iliyotoka Maniema. Siku moja redio ya baba yake, papa kama tulivyoita, ilitangaza kwamba nchi jirani, kaskazini mwetu, wamemweka mwanamke kuwa mkuu wa serikali. Papa akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Bon, wanaume wa kule wameisha?" Feza hakucheka. Kesho yake aliniambia, "Miye nataka kuwa chef de classe." Nikacheka mimi, maana tangu shule ijengwe kiongozi wa darasa alikuwa mvulana.

Uchaguzi wetu uliiga ule wa wakubwa: mwalimu anataja jina moja, watoto wanapiga makofi, basi. Akataja jina la mpwa wa mwalimu mkuu. Tukapiga. Kabla mikono haijatua, Feza akaanzisha wimbo wa chama cha rais, na kwenye kiitikio akachomeka jina lake. Tukaitikia kwa nguvu zote. Wimbo wa chama nani angethubutu kuukatiza? Mwalimu mwenyewe alipiga makofi, macho yamemtoka. Sijawahi kufurahi vile shuleni.

Alitawala vizuri. Wavulana walifagia na kuchota maji, na hakuna mkubwa aliyemnyang'anya mdogo lituma yake, ile ndizi ya kutwanga tuliyofungiwa na mama zetu. Kisha ikafika Jumamosi ya salongo, kazi ya bure kwa taifa, na taifa siku hiyo lilikuwa shamba la muhogo la mwalimu mkuu. Feza akaweka jembe chini, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Salongo iko ya shule, citoyen directeur. Haiko ya shamba yako."

Jumatatu ikatangazwa kwamba ameondolewa. Tukapiga makofi, sote, kwa mdundo uleule. Yule mama wa kaskazini naye hakudumu. Tulisikia alimkatalia rais wake jambo, akafukuzwa. Papa yake Feza safari hii alizima redio.

Sasa nchi yetu wenyewe imepata mwanamke mkuu wa serikali. Vijana wa mtaa walimshangilia kwa vidole gumba kwenye simu, kisha wakarudi kwenye mpira wao. Enzi zetu angalau mtu alitoka jasho kwa unafiki wake. Mimi nilikimbilia kwa Feza, siku hizi bibi mwenye wajukuu, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, redio inapiga kelele kando yake. Niliingia nikipiga makofi.

Akasimamisha mchi.

"Mama Sifa, miye pia niko na furaha. Upige tu leo. Lakini siku watamufukuza juu ya kukatala, ile siku usipige."

Nikaketi, nikaiweka mikono mapajani, naye akaendelea kutwanga.