Mayai ya Udongo Sokoni Kashebere

Kwetu Masisi, juu milimani, mikono ndiyo hupata baridi kwanza. Miaka ile ya 1950, nikiwa nimepita umri wa miaka arobaini, nilianza kufinyanga udongo kwa kujifurahisha tu, jioni baada ya shamba. Jirani yangu, mama mmoja mfinyanzi, alinionyesha jinsi ya kuponda vigae vya zamani na kuvichanganya na udongo ili usipasuke motoni. Mengine nilijifundisha mwenyewe, nikiandika kila jaribio ndani ya kaye, daftari langu: udongo kiasi gani, vigae kiasi gani, kimepasuka au kimepona.

Vyungu vyangu vilikuwa vibaya. Kitu kimoja nilikiweza: yai la udongo, gumu hadi ndani, la kujaa kiganja. Ulilitia katika majivu ya moto, ukalifunga kitambaa, ukalishika. Mama yangu mzazi alilala nalo tumboni. Majirani wakaomba, nami nikagawa bure.

Tatizo lilikuwa kona ya nyumba. Pale nilipoanika udongo ndipo palipokaa maharagwe kila mwaka, na mavuno yalikaribia.

"Papa," mke wangu alisema, "soko ya Kashebere ikipita na haujauzisha kitu, hii udongo inatoka. Maharagwe haiwezi kulala inje juu ya mayai yenye haina kuku."

"Nitauzisha."

"Tutaona."

Nikachoma mayai thelathini. Nikayapanga kikapuni safu kwa safu, kati ya majani mabichi ya mgomba, na njiani nikayanyunyizia maji kila nilipovuka kijito, maana majani yakikauka mayai hugongana.

Kashebere iko chini kuliko kwetu. Nililijua hilo, nilikwisha kupita huko mara nyingi. Lakini mtu wa mlimani hufikiri dunia nzima inaona baridi. Saa nne jua lilikuwa likiwaka, nami nimekaa mbele ya makaa, nikiwaeleza wapita njia namna ya kupasha viganja moto.

Karibu yangu alikaa muuza samaki aliyetoka Bweremana. "Kaka," aliniuliza, "unauzisha moto, na jua iko inagawa bure?"

"Muulize kama anauzisha na jasho pia," akasema mwenzake.

Hadi saa sita sikuwa nimeuza hata moja. Akilini niliiona kona yangu imejaa maharagwe.

Ndipo mama mmoja wa Buleusa akatua mzigo wake wa mawese. Aliingiza mkono chini kabisa ya kikapu, penye majani yenye maji, akatoa yai, akaliweka shingoni. Akafumba macho.

"Iko baridi," alisema.

"Mama, hiyo haijapata moto bado. Ngoja niweke mu majivu."

"Acha. Joto tuko nayo kwetu. Naitaka hivi."

Nilimweleza, kwa kuwa ni lazima kueleza sawasawa, kwamba ubaridi utadumu tu yai likiwa limeloa.

"Papa, hata maji tuko nayo."

Alichukua manne kwa chupa ya mawese. Muuza samaki akaomba moja, akaliweka chini ya kofia. "Sasa ndiyo unauzisha kitu," alisema. Nikazima makaa, nikatafuta maji ya kulowesha yaliyobaki. Kufika saa tisa yalibaki mawili, yote yana ufa, na hayo nilikataa kuyauza.

Nilirudi nyumbani na mawese, chumvi na samaki wakavu. Mke wangu aligeuza kila kitu mkononi.

"Nani alikubali kununua moto kule Kashebere?"

"Hakuna. Walinunua baridi."

Aliweka samaki chini. Kisha akaenda kwenye kona, akatoa vikapu vitupu vilivyokuwa vikingoja mavuno, akavipanga kando ya kitanda, upande wangu.

"Udongo ibakie," alisema. "Weye ndiyo utalala na maharagwe."

Msimu ule wote nililala nayo.