Msusi, Kisima na Choo cha Shemeji

Mtaani kwetu alijulikana kama Spika. Si spika wa bunge, spika ya redio. Akiwa saluni kwake anasuka, aliyeko sokoni anajua anasukwa nani, mtindo gani, na kwa nini mume wa huyo mteja hajaonekana tangu Ijumaa. Tulipochagua mwenyekiti wa kamati ya kisima, hakuna aliyethubutu kumpinga.

Balaa lilianzia kwenye kiti cha saluni. Mteja alikuwa katikati ya kusukwa, upande mmoja umetulia na mwingine umesimama kama ufagio, ghafla akashika tumbo, akatoka mbio. Aliyemfuata naye akatoka mbio kabla kiti hakijapoa. Kufika jioni mtaa ulikuwa umejaa wanawake wenye nusu kichwa na wanaume wanaotembea kwa hatua fupifupi za tahadhari.

"Wote hawa wamekunywa maji ya kisimani," Spika akasema. Akapiga kufuli kwenye mfuniko wa kisima, akamwita bwana afya.

Bwana afya alikuwa mtu mpole wa kusema kwa staha. Alichukua maji kwenye chupa, akaenda kupima, akarudi uso umemwiva.

"Mama, maji haya yana kinyesi."

"Kinyesi cha nini?"

"Cha binadamu."

"Cha nani?"

Bwana afya akakohoa. "Mama, kipimo hakitaji jina."

Lakini macho ya watu yalishapanda mlimani. Juu kidogo ya kisima palikuwa na choo kipya cha shemeji yake Spika, mdogo wa mumewe, dereva wa lori. Kilikuwa na marumaru hadi darini, taa, na kioo cha kujitazama. Mgeni alionyeshwa choo kabla hajakaribishwa sebuleni. Fedha zote zilikwenda juu, chini likabaki shimo tupu la udongo.

Spika alikwenda moja kwa moja. "Shemeji, choo chako kinatunywesha uchafu."

"Shemeji, usinivunjie heshima. Choo changu ni kisafi kuliko jiko lako!"

Mume wa Spika, aliyesimama kati ya mke na mdogo wake, alikumbuka kwamba nyumbani hakuna mkate. Duka lilikuwa hapo nje. Alirudi baada ya chakula cha mchana, bila mkate.

Ikabidi kipatikane kipimo cha kumaliza ubishi. Bwana afya alimwaga chooni rangi ya kijani isiyodhuru, tukakaa kusubiri. Siku chache baadaye ndoo ilitoka kisimani ikiwa na maji ya kijani kibichi.

"Labda ni mwani," shemeji akasema.

Hapo Spika akafanya jambo lililotutisha wote: akaongea taratibu. "Shemeji, na mama naye anakunywa haya haya."

Mama mkwe alikuwa kando yao. Akaitazama ndoo, akamtazama mwanawe. "Kwa hiyo mwanangu, muda wote huu mimi nilikuwa nakunywa..."

"Mama, usimalizie."

Shemeji alikivunja choo chake mwenyewe. Alibandua marumaru moja moja na kuzifunga kwenye magazeti kama mayai, machozi yakimlengalenga. Gari la majitaka likanyonya uchafu, shimo likafukiwa. Choo kingine kikachimbwa upande wa bonde, mbali na kisima, shimo lake likajengewa vizuri. Kisima nacho kikavutwa maji kwa mashine hadi chini, fundi akateremka kusugua kuta na kuziba nyufa, kikatiwa klorini, kikaachwa, kikavutwa tena. Bwana afya akapima, akatangaza kwamba maji ni salama.

Hakuna aliyesogea.

"Yananukia dawa," mmoja akasema.

"Mwenyekiti aanze," mwingine akadakia.

Spika akajaza glasi, akanywa. Akajaza ya pili, akanywa, akafuta mdomo. "Haya, tekeni maji!"

Watu hawakuteka. Walimfuata saluni, wakakaa kwenye mabenchi wakimtazama tumbo. Akiinuka kuchukua kitana, wote wanainuka. Akikaa, wanakaa. Alasiri ilipofika, glasi mbili zile zilikuwa zinadai njia yao ya kawaida, naye anasuka huku amebana magoti, jasho linamtoka. Akikwenda, watasema maji yameua. Asipokwenda, ataaibika pale pale.

Uzalendo ukamshinda. "Nakwenda kukojoa!" akapaza sauti. "Kukojoa tu! Mnanisikia?"

Walisikia, lakini hawakuamini. Umati ukamsindikiza hadi mlangoni mwa choo, na mama mkwe, kwa kuwa ni mtu mzima na mwaminifu, akateuliwa kutega sikio. Akabandika sikio mlangoni. Kisha bibi akageuka, akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wa hakimu.

"Ni haja ndogo tu."

Watu walitimka kisimani hata kabla Spika hajatoka. Alikuta foleni imepinda hadi barabarani, ndoo zinagongana, waliomshuku wakiwa mbele. Shemeji alikuwa mwisho kabisa na jagi lake, anatazama chini.

Spika akamkamata mkono, akampitisha mbele ya wote. Watu wakaguna.

"Huyu kapoteza zaidi yenu," akawaambia, akamjazia jagi. Shemeji akanywa hapo hapo, kwa pupa, mpaka shati likalowa.

"Matamu?" Spika akamuuliza.

"Yana dawa dawa kidogo," akajibu, "lakini nijazie tena."