Diski Iliyobaki kwa Mama Taaka

Ochwo wa kijiji cha Sop Sop hakuwahi kutulia mahali. Mwalimu wake wa hesabu alimwita Kiguu-na-njia, na kabla kidato cha pili hakijaisha, kiguu kilikuwa kimeshapata njia ya kwenda Busia. Miaka miwili akasukuma baiskeli za mizigo mpakani. Akauza vocha. Akanyoa watu, mpaka siku ile alipomwacha mteja na nusu kichwa akaenda kutazama lori lililopinduka. Sasa anatengeneza kompyuta upande wa Uganda, kwenye veranda ya duka la mbolea, na kazi imemkubali, maana kompyuta nazo hazitulii.

Ijumaa hiyo saa tatu asubuhi Anjeline alikuwa amemsimamia kama askari. Anjeline ana duka la kuchapisha upande wa Kenya. Kesho yake walikuwa wanamzika babu yake, Mzee Wandera, refa wa mpira mpaka miaka sabini, mtu aliyewahi kumwonyesha padri kadi nyekundu kwa kuhubiri kupita muda. Kitabu cha mazishi, picha na wasifu na nyimbo, kilikuwa ndani ya kompyuta iliyolala pale mezani. Hakikuwa mahali pengine popote duniani.

“Ochwo, nilikupa mashine inazima-zima. Nikakuambia badilisha pawa tu. Sasa haiwaki kabisa. Hiyo ndio kutengeneza?”

“Inawaka, dada. Si unaona taa?”

“Taa hata kwetu ziko. Mimi nataka babu.”

Skrini ilikuwa nyeusi, na mstari mmoja wa Kizungu: haijaona diski ya kuanzia.

Hii mashine ilikuwa na pande mbili, kama Busia yenyewe. Diski moja ilikuwa na Windows, ndiyo Anjeline alichapishia. Nyingine ilikuwa na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, aliowekewa na kaka yake Jacktone kabla hajahamia Nakuru. Kila asubuhi ukiiwasha, ilikuuliza kwanza: leo unaingia upande gani? Sasa haiulizi kitu.

Ochwo akabadilisha nyaya. Akaingia kwenye mipangilio, akatanguliza diski hii, akatanguliza ile. Bado. Akachomeka flash yake ya Linux, mashine ikaamkia humo kwenye flash, akachungulia ndani ya diski zote mbili. Nzima, hazina hata kikohozi.

“Babu huyu hapa!” akapiga kelele, kidole kwenye faili.

“Mfungue basi!”

Hakufunguka. Kile kitabu kilitengenezwa na programu iliyo ndani ya Windows peke yake. Nje ya hapo lilikuwa kopo la maziwa bila kisu. Anjeline akakaa juu ya gunia la mbolea, akashika tama.

“Diski ziko,” Ochwo akawa anajisemea, anazunguka meza. “Windows iko, Linux iko. Ila hakuna wa kuwaonyesha njia.”

Halafu akasimama. Maneno hayo aliyajua. Mpakani ameona malori mazuri, yamebeba mzigo mzuri, yamekaa siku tatu kwenye jua kwa sababu mtu mwenye karatasi amepanda lori lingine. Na ndani ya kompyuta mwenye karatasi yupo, mafundi wanamwita butloda. Ndiye anaamka wa kwanza, ndiye anauliza unaenda wapi. Kwenye diski hii hayupo. Kwenye ile hayupo. Basi kapanda lori lingine.

“Anjeline,” akasema polepole, “hii mashine ilikuwa na diski ngapi?”

“Tatu. Si ni wewe ulizitoa?”

Ochwo akaangalia viatu vyake.

Ni kweli alizitoa. Jumatano, alipoichukua kule Kenya, mikono yake ilikumbuka sheria ya wasukuma baiskeli: mzigo mmoja haupiti kwa mkono mmoja, unaugawa askari asiuone wote. Mashine ya kwenda kutengenezwa hakuna aliyeikataza, angesema tu anaipeleka wapi. Lakini mikono haiulizi. Boksi la kompyuta akalifunga kwenye baiskeli ya Obbo, rafiki yake. Diski mbili kubwa akatia mfukoni. Ya tatu, kadogo, kazee, kana kutu pembeni, akamwekea Mama Taaka, muuza dagaa, kwenye beseni lake la omena, maana naye alikuwa anavuka. Walipofika ng'ambo Ochwo akakaona kale kadiski, akasema haka kamekufa zamani. “Kaa nako, mama, kashikilie magazeti yako upepo usiyabebe.” Akajiona mkarimu sana.

“Ulimpa muuza samaki babu yangu?” Anjeline akauliza alipoambiwa yote.

“Si babu. Ni mlango wa babu.”

“Ochwo, kimbia.”

Akakimbia. Mama Taaka alikuwa sokoni, na kadiski kamekalia rundo la magazeti ya kufungia omena, kanang'aa magamba.

“Mama, naomba ile chuma.”

“Chuma gani? Chuma yangu?”

“Ile nilikupa Jumatano.”

“Wewe Ochwo, wewe nanipa na mkono ya kulia, sasa nakuja kuchukua na ya kushoto?”

“Mama, kuna mzee anazikwa kesho. Yumo ndani ya hiyo.”

Mama Taaka akakatazama kale kadiski. Akakasogeza mbali na omena, taratibu, kwa vidole viwili.

“Na mimi nalikuwa nakaa na marehemu tangu Jumatano?”

Akakafunga kwenye gazeti safi, akakatoa kwa mikono miwili, na pole nyingi kwa wafiwa. Ila hakusahau upepo wake: Ochwo aliacha pale kufuli la sanduku lake la vifaa, likalie magazeti.

Kwenye veranda akakapangusa na shati, akakachomeka, akabonyeza. Skrini ikawaza. Kisha ikauliza, kama vile hakujatokea kitu: upande gani? Anjeline akachagua Windows, na muda si muda Mzee Wandera alikuwa anawatazama, filimbi mdomoni.

“Sasa ngoja nimwandike butloda mwingine kwenye diski kubwa,” Ochwo akasema, mikono inamwasha, “tusitegemee haka kazee. Dakika tano tu.”

“Diski tatu hapo, ukosee uandike juu ya babu? Usiguse! Utaandika Jumatatu.”

Wakavuka mchana, mashine mapajani mwa Ochwo juu ya bodaboda. Askari wa pale alimjua tangu enzi za baiskeli.

“Nini hiyo?”

“Kompyuta ya huyu dada, afande. Ilikuja kutibiwa, inarudi kwao.”

“Vingine viko kwa nani?”

“Hakuna vingine. Ni nzima.”

Askari akaizunguka mara mbili, anatafuta kilichopungua. “Ochwo umepitisha kitu kizima? Wewe unaumwa.” Akawapungia mkono wapite.

Printa ilianza saa nane. Vitabu mia mbili, na kila kimoja kinataka kukunjwa na kupigwa pini. Anjeline alimsukumia Ochwo kiti, naye akakaa. Saa tisa alikuwa amekaa. Saa kumi na moja bado amekaa, anakunja, anapiga pini, na lori moja lilipiga breki vibaya huko nje asigeuke.

“Kiguu-na-njia,” Anjeline akamwambia, “leo umekosa njia?”

“Nimefiwa,” Ochwo akajibu, akavuta rundo lingine.