Mlango wa Chumba cha Kushonea

Doreen Haslam alifundisha ushonaji miaka thelathini na moja katika shule moja ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na mtu akikwambia aliwahi kumwona amechelewa kazini, huyo ni mwongo. Nusu ya mji ilivaa kazi ya mikono yake au ya wanafunzi wake. Alikuwa mtu mwema, tena mwema kwelikweli. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata yatakuudhi.

Ile sheria ilitoka mwaka 1988, ya kukataza halmashauri zisitangaze mapenzi ya jinsia moja. Walimu wengi hawakuisoma. Waliisikia redioni, kisha wakaisikia kwa mwalimu mkuu, Bwana Clegg, aliyesimama katikati ya chumba cha walimu na kikombe cha chai mkononi.

"Jamani, mtoto akikuletea mambo hayo, hujaona, hujasikia. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Au kuna mtu amechoka kazi?"

Wakacheka. Doreen naye akacheka.

Majira ya baridi yaliyofuata, Gareth Pilling aliingia chumba cha kushonea shati lake likiwa limechanika begani. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mama yake aliuza jibini sokoni. Kila saa ya chakula wavulana walimvizia nyuma ya banda la baiskeli: "Wee shoga! Mtoto wa jibini, leo umejipaka marashi gani?" Halafu mateke. Doreen akalivuta lile shati, akaanza kulishona.

"Mwalimu, naomba kitu."

"Sema."

"Naomba nikae humu saa ya chakula. Sitagusa mashine. Nitakaa kwenye kiti kile pale, basi."

"Kwani wanakuonea kwa nini?"

Gareth aliitazama sindano. "Wanasema mimi shoga. Nadhani hawajakosea."

Doreen akakata uzi kwa meno. "Basi usiniambie zaidi, mwanangu. Sheria hainiruhusu. Nikikuweka humu watasema nakulea kwenye hayo hayo."

"Sawa, Mwalimu," alisema mtoto, akavaa shati lake.

Tangu siku hiyo Doreen alikula chakula chake cha mchana amejifungia kwa ufunguo. Kitasa kikizungushwa, alizima taa ya mashine na kuacha kutafuna mpaka nyayo ziondoke. Kilizungushwa Jumatatu, kikazungushwa Jumatano. Wiki ya tatu hakikuzungushwa tena. Baadaye Gareth aliacha shule kabla ya mitihani, akapanda treni kwenda London, na Doreen akajiambia kwamba alisikitika sana lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Kauli hiyo aliishi nayo miaka zaidi ya ishirini.

Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2003. Miaka kadhaa baadaye, ilipobaki miezi michache Doreen astaafu, shule ilimleta wakili kijana, Sumaira Akhtar, aeleze sheria mpya ya usawa. Alisema mwanafunzi wa namna ya Gareth sasa analindwa, na shule itakayomwacha aonewe inaweza kujibu mahakamani. Doreen akanyoosha mkono.

"Ni vizuri. Lakini sisi wa zamani tulikatazwa."

"Mlikatazwa nini, Bi Haslam?"

"Kuwasaidia."

"Hapana. Sheria ile ilizibana halmashauri. Mwalimu kuzungumza na mwanafunzi, kumkinga asipigwe, haikuwahi kumkataza."

"Hata kumfungulia mlango?"

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Wakili hakucheka. "Hata mlango."

Jioni ile Doreen alilia jikoni kwake, na chai ikapoa mezani. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja akiwa mtu mzima. Miezi iliyobaki alikiacha chumba wazi kila saa ya chakula. Walikuja wasichana wawili na mvulana mmoja, wakacheza karata, wakaangusha makombo kila mahali. Alifagia bila kunung'unika, ila moyo haukutulia.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi alikwenda sokoni kununua jibini. Magoti ya Mama Pilling yalikuwa yamemshinda, na nyuma ya meza alisimama Gareth, nywele zimeingia mvi masikioni, amekuja kumsaidia mama yake wiki mbili.

"Mwalimu Haslam! Nikukatie kiasi gani?"

Doreen hakuweza kungoja. Aliyamwaga yote pale pale, watu wakiwa kwenye foleni: sheria, Bwana Clegg, yule wakili. "Nilidhani imekatazwa, Gareth. Wallahi nilidhani imekatazwa. Hatukuelewa, sote."

Gareth alifuta kisu taratibu. Hakuonekana na hasira, na hilo lilimuumiza Doreen zaidi.

"Mwalimu, mimi mambo ya sheria nimekuja kuyasikia ukubwani. Siku zile niliomba kiti tu."

"Najua. Nisamehe. Ungenikuta mle ndani ningeweza labda..."

"Ulikuwemo," alisema Gareth, akimfungia jibini lake kwenye karatasi. "Ulikuwa unakula mkate na mayai ya kuchemsha. Harufu ilikuwa ikitoka chini ya mlango."